Jioni Niliyokataa Nyama

Ile hoteli ya nyama imefungwa. Nilipita pale majuzi nikitoka kazini, nikakuta wamekibandua kichwa cha ng'ombe kilichokuwa juu ya mlango, na mahali palipokuwa na meza sasa pamepangwa magodoro. Nilisimama dirishani kama mtu anayetaka kununua godoro, kumbe nilikuwa nanusa. Sijui nilitarajia nini. Harufu ya mafuta ya ng'ombe yanayoungua juu ya chuma haiwezi kukaa ukutani miaka yote hiyo. Lakini mate yalinijaa mdomoni hivyo hivyo, na kwa muda mfupi nikawa tena mtoto wa darasa la pili aliyevalishwa soksi nyeupe, ameketi mbele ya kipande cha nyama kikubwa kuliko uso wake, na ameapa kutokionja.

Kama ulikulia Nairobi wakati huo unazijua hoteli za aina ile. Ile yenyewe ilikuwa na ndugu zake sehemu kadhaa za mji, zote zikifanana: viti vya ngozi nyekundu, picha za wanaume wenye kofia pana, menyu ya plastiki iliyojaa picha za chakula, na wahudumu vijana wanaokutajia majina yao kabla hujawauliza. Watu wa kwetu walizijua kwa nje. Anti yangu alikuwa amewahi kuingia mara moja, kuomba kutumia choo.

Tuliishi Gatwekera, Kibera, katika chumba kimoja cha udongo na mabati: mimi, Dani na Anti Adhiambo. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa mama ya mama yangu. Mama mwenyewe alifariki kabla sijawa na umri wa kumkumbuka, kwa hivyo mdogo wake, Anti, ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni akiwa bado msichana wa shule. Tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukuta na yeye upande wa mlango, naye Dani alilala kitanda cha pili nyuma ya pazia. Dani aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kisumu Ndogo hapo hapo Kibera, karibu na kanisa lake. Anti alisuka nywele katika saluni moja kwenye kituo cha Kawangware 56, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na alisema kutembea kunamsaidia kufikiri.

Baadaye tulikuja kujua alichokuwa akifikiri. Mlango wa pili kutoka saluni kulikuwa na duka la misumari, rangi na mabati, na aliyekuwa akiuza humo aliitwa Karanja, Mkikuyu. Duka lilikuwa la baba yake, mzee aliyezaliwa hapo hapo Kawangware kukiwa bado mashamba, ambaye sasa alikuwa na ploti ya nyumba za kupangisha. Karanja alianza kwa kuja kutengeneza soketi ya saluni. Soketi ile, Anti aliniambia nilipokuwa mkubwa, iliharibika mara nyingi mno kwa soketi moja.

Habari za kutaka kuoana zilipomfikia Dani, hakukasirika. Lakini hakufurahi pia. Siku zile watu walikuwa bado wanalisikiliza jina la mtu kabla ya kumsikiliza mwenyewe, na wanawake wa sokoni walikuwa wamemwuliza kama hakuna vijana wa kwetu ziwani waliobaki. Dani akasema mambo makubwa ya wajomba na mahari yatangoja, yatafanywa nyumbani, kama yatafanywa. Kwanza anataka kuwaona hao watu kwa macho yake. Lakini hakutaka wamkute katika chumba chetu, na pia hakukubali kwenda kwao kabla wao hawajaja kwake. Karanja akasema basi tukutane katikati. Dani akauliza katikati ya Gatwekera na Kawangware ni wapi, maana yeye alijua ni barabara tu. Ndipo ikatajwa hoteli ya nyama.

Mimi nilielezwa mambo na Mercy, msichana wa chumba cha jirani, ambaye alikuwa mkubwa kwangu kidogo na alijua kila kitu. Dada yake alikuwa amechukuliwa. Wageni walikuja na nyama, Mercy alisema, watu wote wakakaa wakala, wakapangusa midomo, halafu dada yake akaondoka nao na hajawahi kurudi kulala nyumbani.

"Mkishakula, basi," Mercy alisema. "Huwezi kula nyama ya mtu halafu umnyime."

Nilibeba maneno hayo shuleni na nikarudi nayo. Yalikuwa wazi kabisa. Nyama ndiyo iliyofunga jambo. Isipoliwa, hakuna wa kuchukuliwa. Usiku nilimshika Anti nguo yake ya kulala kwa nyuma na nikapanga kazi yangu: mimi sitakula, na kama kuna uwezekano, nimzuie Dani naye asile. Sikumwambia mtu yeyote, hata Mercy, kwa sababu Mercy hakuwa na siri.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, jua likianza kushuka. Karanja alitungoja barabarani na pikapu ya duka, ambayo ilinuka rangi, na alikuwa amemtandikia Dani leso safi kwenye kiti cha mbele. Dani aliitazama leso, akaitazama pikapu, akapanda. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kanisa. Anti alikuwa amesuka nywele zangu jana yake, zikavuta hadi macho yakawa madogo.

Wazazi wa Karanja walikuwa wamefika zamani. Leo nawaita Guka na Cucu, kama wanavyowaita babu na nyanya kwao, lakini jioni ile walikuwa tu mzee mrefu mwenye koti la kahawia aliyeshikilia kofia gotini, na mama mfupi aliyekumbatia mkoba wake kama mtoto. Walitusalimia kwa mkono mmoja mmoja. Guka aliponifikia mimi aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, akanipa mkono mkavu, mpana. Nilimpa wangu kwa sababu Dani alikuwa ananitazama.

Tukaketi, wao upande wao na sisi upande wetu, Karanja pembeni akifungua na kufunga menyu. Wakubwa wakaongea juu ya mvua. Mvua ilipokwisha wakaongea juu ya barabara. Walitumia Kiswahili, kila mtu kile cha kwao: Dani hakuwa na "sh" mdomoni mwake, naye Guka alichanganya "r" na "l" apendavyo, na kila mmoja alimsikiliza mwenzake akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Hakuna aliyetaja ndoa. Hakuna aliyenitaja mimi. Mhudumu aliniletea kalamu za rangi na karatasi yenye picha ya ng'ombe aliyevaa kofia, na akanifungia baluni kwenye kiti. Nilidhani ni hongo.

Kisha akauliza nyama ziive kiasi gani. Dani akamwangalia.

"Kwani hapa mnaivisha kwa kuulizana?"

Karanja, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka, akamjibia kwamba iwe ya kati. Guka akasema yake iive mpaka iishe. Mimi nikaagiziwa sahani yangu peke yangu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea maishani mwangu, na kwa siku nyingine yoyote ningelia kwa furaha.

Nyama ilikuja ikilia. Mpaka leo sijui namna nyingine ya kuisema. Ililetwa juu ya sahani za chuma cheusi zilizowekwa juu ya mbao, mafuta yakichemka na kurukaruka, moshi ukipanda na kutufunika nyuso, na ile harufu ikaja nayo, ya mafuta matamu na vitunguu na moto. Nyumbani nyama ilikuwa kitu cha kukatwakatwa vidogo ili kitembelee mchuzi wote. Hii ilikuwa imelala nzima, imejaa sahani, na pembeni kulikuwa na chipsi na vitunguu vya duara vilivyokaangwa kama bangili. Sikuwa nimekula tangu chai ya asubuhi, maana Dani alikuwa amesema tusiende kwa watu tumeshiba. Niliweka mikono katikati ya mapaja nikaibana. Nikaanza kupumua kwa mdomo.

Dani alishika kisu, akakata, na maji mekundu yakatoka. Akakiweka kisu chini.

"Hii bado haijafika," akasema polepole.

 Anti alitazama mikono yake. Karanja alianza kumtafuta mhudumu kwa macho. Guka naye akaiangalia yake, ambayo ilikuwa imeiva hadi imekuwa nyeusi kingo, akaweka kisu na uma chini kwa utaratibu.

"Hata yangu haijafika," akasema. "Wairudishe zote mbili, zirudi pamoja."

Sasa ninajua alichokuwa akifanya. Wakati ule nilielewa kitu kingine kabisa: wazee wawili wamekataa nyama. Jambo limevunjika. Nilitaka kuruka. Nilimpaka yule ng'ombe rangi ya kijani kibichi, kofia na yote, na nikaanza kuwaza nitakavyomweleza Mercy.

Lakini wakati sahani zikiwa jikoni, wale wawili wakaanza kuongea kweli. Dani alimwuliza mzee kama anajua ng'ombe au anajua tu nyama. Guka akasema alifuga, pale pale lilipo duka lake la misumari palikuwa na zizi la baba yake, na alikuwa akikamua kabla ya kwenda shule, mikono ikinuka maziwa darasani. Dani akasema mume wake alikuwa na dume jekundu ambalo lilimfuata kama mbwa, na kwamba siku alipozikwa lilisimama nje ya boma mchana wote. Sikuwa nimewahi kusikia habari za dume hilo. Cucu aliacha kukumbatia mkoba, akauweka sakafuni. Sikuzipenda dalili zile.

Nyama zikarudi. Dani akatafuna kipande, akafumba macho, akameza.

"Sasa imefika," akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani nataka soda, akaniagizia. Nikamkanyaga tena, akaniambia nisubiri, soda inakuja. Akaendelea kula, na Guka akala, na Cucu, na Karanja, na Anti mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiuzwa, akakata kipande kikubwa akala akitabasamu. Niliwatazama mmoja mmoja na nikaona nimebaki peke yangu kati ya Anti na dunia.

Cucu ndiye aliyeona. Akasema mtoto hali. Anti akasema naona haya tu, akanikatia vipande, akaleta kimoja mdomoni mwangu. Nilifunga meno. Machozi yalianza kunitoka, kwa sababu kile kipande kilikuwa kimegusa mdomo wangu wa juu na chumvi yake ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokuwa nimewahi kuonja.

Hapo ndipo wahudumu wakatoka jikoni wakipiga makofi na kuimba. Walikuwa wengi, mmoja akigonga sufuria, mmoja amebeba keki yenye mshumaa, wanakuja upande wetu. Leo ninajua kulikuwa na mtu wa meza ya nyuma aliyekuwa na siku ya kuzaliwa. Mimi nilijua jambo moja tu: kwamba wanawake wa kanisa la Dani wanapokwenda kumtoa bibi harusi kwao, huenda hivyo hivyo, kwa makofi na nyimbo. Nikateleza chini ya meza, nikaukumbatia mguu wa Anti kwa mikono miwili.

Chini kulikuwa na viatu tu. Vya Dani vilikuwa vya kuazima, alikuwa amevikanyaga kisigino. Vya Guka vilikuwa vimepakwa rangi vizuri lakini udongo mwekundu wa Kawangware umebaki kwenye kamba. Nilisikia sauti ya Anti ikiniita, na ya Dani kwa Kijaluo, ikiwa kali. Kisha viatu vya Guka vikasogea, goti lake likashuka taratibu, lile la pili likakataa, na uso wake ukatokea kando ya meza.

"Mama," akaniita, kama watu wanavyomwita msichana mdogo. "Niambie mimi. Kwa nini huli?"

Nikasema, "Nikila mtamchukua Anti."

Wimbo wa wahudumu ulikuwa umekwisha wakati huo huo, kwa hivyo meza nzima ilinisikia, na nadhani ile ya nyuma pia. Hakuna aliyecheka. Nilisubiri wacheke, hawakucheka. Sauti ya Anti ikaja kutoka juu, ndogo lakini imenyooka.

"Mimi ndiye nimemlea," akasema. "Nikitoka mimi, tunatoka wawili. Karanja anajua. Nilitaka kuwaambia leo na sikujua nitaanzia wapi."

Nilisikia visu vikiwekwa chini. Ni sauti ambayo mtoto akiisikia anajua kuna mlango fulani uko wazi na upepo unaweza kuufunga. Karanja alisema ndiyo, ni kweli, walikuwa wameongea.  Guka alikuwa bado ameinama pale, mkono mmoja umeshika kiti, na hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Kwetu kuna chumba," akasema. "Unapenda kulala upande wa mlango ama upande wa ukuta?"

"Ukuta," nikasema.

"Sawa. Ukuta ni wako."

Akaninyooshea mkono, nikatoka. Karanja alimsaidia kuinuka. Guka akanikalisha karibu naye, akavuta sahani yangu, na akaanza kunikatia nyama upya, vipande vidogo vidogo kama anakatia ndege. Ilikuwa imepoa na mafuta yameganda. Niliila yote. Nikala chipsi, nikala zile bangili za vitunguu, nikanywa soda, na nilipoinua uso nikaona kiti cha Dani kiko wazi.

Alikuwa amesema anaenda kunawa. Sahani yake ilikuwa bado na nyama. Niliwaza kwamba lazima sabuni ya hoteli ile ni nzuri sana kama mtu anaacha nyama ili akanawe. Muda ukapita. Anti akataka kusimama, lakini Cucu akamgusa bega akamkalisha, akasimama yeye, akaenda.

Walikaa huko mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tumemaliza. Waliporudi walikuwa wanatembea pamoja, Cucu amebeba mkoba wake na wa Dani pia, na nyuso zao zilikuwa zimeoshwa, zinanukia maua. Dani akaketi, akala nyama yake iliyobaki, akapangusa mdomo. Kisha akanitazama na kuniambia kwamba Ijumaa jioni hadi Jumapili mimi ni wake, na likizo zote ni zake. Siku za shule ni za hawa. Alisema "hawa" akionyesha kwa kidevu, lakini aliwaonyesha kwa upole.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wajomba walikuja kutoka ziwani, mambo yakafanywa kwa utaratibu wake, Anti akaolewa kanisani na mimi nikashika maua. Nikahamia Kawangware, kwenye chumba chenye ukuta wa mawe, uani kukiwa na mfereji na nguo za wapangaji. Wiki za kwanza nililia. Halafu nikasahau kulia. Kila Ijumaa Anti alinipeleka Gatwekera, na mlango haukuwa na haja ya kubishwa, maana Dani alikuwa nje tayari. Nilikua na nyanya wawili ambao kila mmoja aliamini mwenzake ananilisha vibaya. Jumapili jioni nilinuka omena na Cucu alinivua sweta mlangoni. Ijumaa Dani alinipapasa mbavu akiuliza kama huko wanakula irio pekee, vile viazi vyao vya kupondwa. Mercy nilimweleza kwamba alikosea juu ya nyama. Akasema hakukosea, ila sisi tulienda hoteli, na hoteli ni tofauti.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Dani waliambiana nini kule kwenye choo cha hoteli. Alisema waliongea juu ya sabuni. Nilimwuliza tena mwaka mwingine, akasema sabuni, na kwamba Cucu alitaka kujua kama inaweza kutoa doa la mafuta. Alifariki akiwa na jibu hilo.

Mwaka jana tulikuwa tumeketi uani na Cucu, tunamenya minji, nikamwuliza yeye. Akapasua ganda lingine kwanza.

"Nilimkuta amefungua mfereji, maji yanaenda tu," akasema. "Nikaufunga. Nikamwambia, Mama Adhiambo, chagua siku zako kwanza. Sisi tutachukua zile zitabaki."

Nikauliza, naye Dani alisema nini.

"Akachagua Ijumaa mpaka Jumapili. Nikamwuliza kama hizo zinamtosha. Akanawa uso, halafu akasema aongezewe likizo."